Historia ya Marehemu Bronka Staszel na Uso Alioupaka Rangi Nyuma ya Kioo

Baba Paroko, watoto na wajukuu wa marehemu, ndugu wa ukoo wa Chowaniec na wa ukoo wa Staszel, majirani zetu wa barabara ya Archer hapa Chicago na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi ni Ludwik Galica, mume wa Zosia, mdogo wake Bronka aliyetangulia, kwa hiyo kwa Bronka mimi ni shemeji, na jana ukoo ulikaa ukaamua kwamba shemeji ndiye asome, kwa kuwa watoto wake wakisoma watalia, na mimi, walisema, nina mdomo. Bronka mwenyewe aliusema huo mdomo wangu kwa miaka arobaini na saba, basi leo na ufanye kazi ya maana, nami naomba mnivumilie, maana maisha ya mtu aliyefanya kazi nyingi hayasomeki kwa pumzi moja.

Marehemu Bronisława, jina ambalo hakuna aliyemwita kwalo isipokuwa padre na watu wa kodi, alizaliwa tarehe 13 Machi 1946 katika kijiji cha Ciche, chini ya milima ya Tatra, akiwa binti wa kwanza wa marehemu Józef na marehemu Aniela Chowaniec, na miaka miwili baadaye akazaliwa Zosia, wakawa hao wawili tu, wakilala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja. Katika nyumba hiyo aliishi pia bibi yao Rozalia, aliyechora watakatifu nyuma ya vioo kama walivyofanya wazee wetu wa milimani, na huyo bibi ndiye aliyemshikisha Bronka brashi, akamfundisha kwamba anayechora nyuma ya kioo huanza na kile ambacho wachoraji wengine humalizia, kwanza nukta ya mwanga ndani ya jicho, kisha mboni, kisha mistari ya uso, ngozi baadaye, na mbingu mwisho kabisa, kwa sababu mtazamaji yuko upande wa pili. Bibi alipaka rangi nzito, tabaka juu ya tabaka, ili mtakatifu aonekane hata kwenye ukuta uliojaa moshi wa jiko, na mafundisho hayo yalimfaa Bronka sana, na siku moja yakamponza pia, kama mtakavyosikia.

Alisoma shule ya msingi ya Ciche kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, kisha akaenda shule ya ushonaji mjini Nowy Targ, akahitimu Juni 1963, na cheti chake kilikuwa kizuri kuliko vyote vya mwaka ule, jambo ambalo hakulisema yeye, alilisema Zosia, kwa uchungu, kwa sababu alipofika shule ileile walimu walimuuliza kila siku kwa nini mishono yake haifanani na ya dada yake.

Tarehe 2 Oktoba 1966 Bronka alifika Chicago, akapokelewa na shangazi yake nyuma ya machinjio ya zamani, na Januari 1967 akaajiriwa katika kiwanda cha mashine za gololi upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, zile mashine za miguu minne ambazo gololi ya chuma hurushwa juu ya ubao wenye mteremko, ikagonga huku na huku, kengele zikalia na namba zikazunguka, naye mchezaji ana viganja viwili tu vya mashine, vinavyobonyezwa pembeni, vya kuizuia isimezwe na shimo. Mashine za siku zile hazikuwa na kompyuta ndani, kila alama ilihesabiwa kwa sumaku, swichi na magurudumu, kwa hiyo tumbo la mashine lilikuwa nyaya tupu, na Bronka alikuwa mmoja wa kina mama waliozipanga nyaya hizo mezani, wakazifunga vitita kwa uzi na kuzilehemu moja moja, na mwaka 1968 Zosia alipofika alikaa kiti cha pili yake. Mimi nilikuwa mpimaji, maana yake kazi yangu ilikuwa kuzicheza mashine kabla hazijatoka, nikilipwa mshahara kamili, katika jiji ambalo, ninyi vijana hamtaamini, lilikuwa limezipiga marufuku kwenye baa na madukani mpaka mwishoni mwa mwaka 1976, ikawa sisi tunapika na wengine ndio wanaokula. Bronka alinikuta siku moja nimekaa chini nanyoosha mgongo, akawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika hadi stoo, "Muoneni huyu, mwanamume mzima, kutwa anacheza gololi, jioni mgongo unamuuma!" na hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Mwaka 1971 mchoraji wa kiwanda, mzee wetu wa Kiitaliano Carmine Scalzitti, alikuwa akichora kwa mkono kioo cha mashine ya majaribio iliyopewa jina la Soko la Vuli, kile kioo kikubwa cha mbele kinachosimama wima juu ya ubao na kuwashwa taa kwa nyuma, na katikati ya picha alihitaji msichana mwenye kikapu cha matofaa. Akapita kwenye meza za nyaya, akamkuta Zosia anamsonya msimamizi, akauchukua uso uleule na msonyo wake akauweka kwenye kioo. Wakubwa waliukataa, wakasema msichana anamtazama mchezaji kama mama mkwe anavyomtazama mkwe aliyechelewa chakula, mashine ikatoka kiwandani na picha nyingine kabisa, na ile ya majaribio, iliyokuwa moja tu duniani, wenzetu wakaiomba, wakaibeba mabegani, wakatupatia mimi na Zosia siku ya harusi yetu tarehe 9 Oktoba 1971. Bronka alibaki kiwandani mpaka Agosti 1979, wakati bodi za elektroniki zilipoingia na meza za nyaya zikaondolewa, kisha akafanya usafi katika maofisi ya katikati ya jiji mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2010, akiwa hajawahi kuchelewa kazini hata siku ya theluji.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Franciszek Staszel, fundi wa mapaa, Jumamosi ya tarehe 20 Juni 1970, na Franek alikuwa mtu wa maneno machache, akaoa mwanamke aliyetosha kwa wote wawili, wakaishi kwa kuelewana mpaka moyo wake ulipomwangusha tarehe 14 Februari 2004. Mungu aliwajalia watoto wawili, Helena, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1972, ambaye ni mwalimu, na Jasiek, aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1975, ambaye yuko Denver, na wajukuu watatu. Mimi na Zosia hatukujaliwa mtoto, na Bronka alitugawia wake kama mtu anayegawa mkate, Jumapili walikuwa kwetu, likizo walikuwa kwetu, ndiyo maana wananiita baba mdogo na ndiyo maana leo nimekaa benchi la mbele.

Ndugu waombolezaji, hapa naomba nitoke kidogo kwenye tarehe, kwa sababu bila jambo hili hamtakuwa mmemsikia Bronka.

Zosia wangu alifariki tarehe 27 Septemba 2011, na kwa kuwa sikuweza kuangalia picha zake nilizifunga zote kwenye maboksi, nikayashusha chumba cha chini, kando ya mashine ya gololi, nikijisemea nitazifungua moyo ukitulia. Moyo haukuwahi kutulia, maana tarehe 18 Aprili 2013 ilinyesha ile mvua mnayoikumbuka, maji yakapanda kupitia matundu ya sakafu, na nilipoweza kushuka, picha zilikuwa uji, mashine imevimba mbao, na rangi ya kioo, iliyokaa salama zaidi ya miaka arobaini, ilikuwa imebanduka kwa unyevu na kuanguka vipande vipande kama magamba ya samaki. Msichana wa matofaa alibaki na kikapu, mikono, jicho moja na nusu ya nyusi. Picha pekee ya Zosia iliyobaki nyumbani kwangu ilikuwa ya leseni ya udereva, ambayo amepigwa akiwa amekasirika na foleni. Nilikuwa na miaka sitini na tisa, sina mtoto ambaye ningeutafuta uso wake ndani ya uso wa mtoto huyo, na niliogopa kitu kimoja tu, kwamba nitaamka asubuhi moja nisimkumbuke mke wangu alivyokuwa.

Bronka alikuja akiwa amevaa mabuti ya marehemu Franek, akaizunguka mashine, akatia mkono tumboni mwake, akatoa kitita cha nyaya kinachochuruzika maji, akakitazama.

"Huu uzi nimeufunga mimi," akasema. "Fundo langu hili. Iletwe kwangu, huku kwako ni bwawa la bata."

"Bronka, mashine nitapata nyingine. Mimi nataka uso."

"Nimekusikia, shemeji. Uso utakuwa wa mwisho. Kwanza apate mahali pa kukaa."

Basi mashine ikahamia chumba cha chini cha nyumba yake, na kwa miaka miwili kila Jumamosi asubuhi nilikwenda kumsaidia, yaani kushika tochi na kutukanwa. Alizitoa nyaya zote, akazifua, akazikausha kwenye kamba kama soksi, akasugua ncha za swichi kwa tupa ndogo ya kucha, akafungua magurudumu ya namba na kuyasafisha kwa spiriti mpaka yakazunguka bila kukwama. Kisanduku cha mbao alikinyoosha kwa vibano, akakipaka upya rangi ya krimu, halafu akakata karatasi ngumu kufuata alama za zamani, akapuliza nyota nyekundu na za bluu juu yake, na zilipovuja kidogo pembeni nikamwonyesha, akaniambia zilivuja hata kiwandani, na kwamba asiyejua nyota zilivuja alikuwa akicheza gololi muda wote wa kazi. Ubao wa kuchezea ulikuwa umeliwa na gololi mpaka kwenye mti, akaujaza, akaurudishia rangi kwa brashi yenye nywele za kuhesabika, akaupiga vanishi, na siku tulipoiwasha kengele zikalia, jirani yetu Doña Ofelia Barrientos, aliyehamia nyumba ya pili na ya Bronka mwaka 2012, akaja mbio akidhani ni king'ora cha moto. Alikuja na sufuria ya tamale mkononi, zile za unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, maana alisema moto au si moto, watu watahitaji kula.

Masika ya mwaka 2015 Bronka akageukia kioo. Alikilaza mezani kifudifudi, akawasha mshumaa wa Mama wa Mungu, akafanya sawasawa na alivyofundishwa na bibi Rozalia, nukta ya mwanga kwanza, mboni, mistari, ngozi, akalizunguka lile jicho moja la zamani kwa uangalifu kama anayepita kando ya mtoto aliyelala, na rangi akaipaka nzito, tabaka juu ya tabaka, na alipokigeuza, ndugu zangu, mchana ule kwenye mwanga wa dirisha nilimwona Zosia. Nililia mbele yake bila aibu. Tukakibeba, tukakichomeka mahali pake, akaniambia, "Washa wewe," nami nikawasha.

Matofaa yakang'aa, taa za sokoni zikang'aa, kikapu kikang'aa, na uso wa mke wangu ukawa mweusi kama sufuria ya kambini, una jicho moja tu linalowaka katikati. Watakatifu wa bibi waliishi ukutani, mwanga uliwajia usoni, lakini kioo cha mashine kina taa mgongoni, na rangi nzito ya bibi haikuacha hata chembe ya mwanga ipite, na kosa hilo asingelifanya mchoraji yeyote wa kiwanda, lingefanywa na mtoto wa milimani peke yake, tena aliyefundishwa vizuri. Doña Ofelia, aliyekuwa amesimama ngazini, akauliza kwa upole, "Jamani, mbona mmemtia usiku usoni?"

Rangi ile ikawa lazima ikwanguliwe, na ilishikana na ya zamani, na Bronka alinipigia simu kabla hajagusa wembe.

"Ludwik, nikikwangua, lile jicho linaondoka nalo. Siwezi kukudanganya."

"Na usipokwangua?"

"Utabaki na kipande cha mkaa chenye jicho."

Nikamwambia akwangue, nikakata simu, na sikwenda kwake Jumamosi ile wala iliyofuata, si kwa hasira, bali kwa sababu kitu cha mwisho cha Zosia kilichochorwa Zosia akiwa mbele ya mchoraji kilikuwa kimekwenda, na sikujua nitakwenda kutazama nini. Jumamosi ya tatu Bronka akaja mwenyewe kwangu, na supu ya kabichi chachu kwenye chupa ya chai, akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Sasa sina cha kunakili," akasema. "Nina wewe. Uliishi naye miaka arobaini, mimi nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na tano. Tukishindwa kumkusanya sisi wawili, basi hakuna wa kumkusanya. Vaa viatu."

Nikavaa viatu. Tukaanza kumkusanya, na ugomvi wetu ulisikika hadi barabarani, maana mimi nilisema kishimo cha shavuni kilikuwa kushoto na yeye akashikilia kilikuwa kulia, tukaitana wazee wasio na kumbukumbu, mpaka tulipogundua kwamba mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kioo na yeye amekaa nyuma yake. Alichukua magamba ya rangi ya zamani niliyokuwa nimeyafagia na kuyahifadhi kwenye kopo la kahawa, akayainua moja moja dirishani, akaona kwamba mzee Carmine alipaka ngozi nyepesi mno, nyepesi kama chai ya mgonjwa, na nyuma yake akaweka pazia jembamba la rangi nyeupe ili mwanga upite umetulia, akaanza kujizoeza kwenye vioo vya madirisha mabovu ambavyo wanafunzi wa Franek wa kazi ya mapaa walimletea.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia, na ninarudi kwenye tarehe. Februari 2016 mkono wake wa kulia, ule wa brashi, ulianza kutetemeka, na tarehe 11 Aprili madaktari wakatuambia ni ugonjwa wa Parkinson, ambao hutibiwa lakini hauponi. Bronka alimuuliza daktari swali moja tu, tena Helena ni shahidi, "Kuna saa yoyote ya siku mkono utanisikiliza?" na daktari, Mungu ambariki, hakumcheka, akampangia dawa kwa namna ambayo asubuhi baada ya kifungua kinywa kulikuwa na muda mfupi wa utulivu. Katika muda huo wa kila asubuhi, kiganja kikiwa juu ya kifuko cha maharage ili kisiteleze, aliuchora uso wa mdogo wake, siku moja ukope, siku moja pembe ya mdomo, na siku ambazo mkono ulikataa alikaa tu akiutazama, kisha akaosha brashi ambayo haijatumika. Mezani aliweka kioo kidogo cha kujitazamia, nami sikuuliza, kwa kuwa wachora vioo wote huweka kioo mbele ya kazi yao ili waione ilivyo upande wa mtazamaji.

Alimaliza Machi 2017, juma la siku yake ya kuzaliwa. Tulikuwa watatu chumbani, yeye, mimi na Doña Ofelia aliyekuja na keki, na safari hii aliwasha mwenyewe, mkono ukitetemeka mpaka swichi ikalia mara mbili kabla ya kushika. Uso ukawaka wote. Ngozi ilikuwa na joto, macho yalikuwa na ile nukta, na kabla mimi sijapata pumzi, Doña Ofelia, ambaye hakuwahi kumwona Zosia hata siku moja, akapiga makofi akasema, "Bronka! Kumbe umejichora wewe mwenyewe ukiwa msichana!"

Bronka akakaa kwenye ndoo. Akasema, bila kunitazama, "Nisamehe, shemeji. Macho nilikuwa nayo kichwani. Mdomo ulinitoroka. Nilitafuta miezi, sikuupata, nikawa najitazama kwenye kile kioo, nikasema tumezaliwa tumbo moja, labda Mungu alitumia kipimo kimoja. Nimekupotezea."

Nikasogea karibu na mashine, nikatazama kwa muda, kwa sababu alistahili jibu la kweli. Macho yalikuwa ya Zosia, hayo ningeapa mahakamani, na kishimo kilikuwa chake, kikiwa kwenye shavu ambalo sote tulikuwa tumekubaliana, lakini mdomo ulikuwa wa Bronka kabisa, umebanwa upande mmoja kama unaojizuia kusema jambo na hautafanikiwa.

"Macho ni yake," nikamwambia.

"Na mdomo?"

"Mdomo ni wako. Ndiyo maana naona kama nimekosea kitu tangu nimeingia."

Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia nikichoka kumtazama nikate keki, na mimi nilimwambia wazi siku ile, na nasema tena mbele yenu asiwepo wa kudhani yamesemwa kwa ajili ya jeneza, kwamba hakunipotezea kitu, kwamba nilikuwa nimeogopa kufa nikiwa nimemsahau mke wangu, na kuanzia asubuhi ile sikuogopa tena. Mashine ilibaki kwake, chumba changu cha chini kikiwa bado ni bwawa la bata, na kila Jumapili baada ya misa nilikwenda, tukacheza mchezo mmoja mmoja, alinishinda mara nyingi hata kwa mikono ile, na msichana wa matofaa akatutazama sote wawili.

Mwaka huu wa 2018 hali ya marehemu ilidhoofika, Septemba akaanza kushindwa kumeza, tarehe 24 Oktoba akalazwa kwa nimonia, na alipoomba kurudi nyumbani akarudishwa tarehe 31, akakaa kwenye kitanda chake, watoto wake wote wawili wakiwa naye, akapokea sakramenti, akamkumbusha Jasiek abadilishe mafuta ya gari kabla ya kurudi Denver, na Jumamosi ya tarehe 3 Novemba 2018, saa nne asubuhi, Bwana akamchukua. Ametuacha akiwa na miaka sabini na miwili, na Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.

Kwa niaba ya ukoo natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule daktari aliyemtafutia saa yake ya asubuhi, ambaye hatajua kamwe alichotupatia. Tunawashukuru majirani, na kati yao Doña Ofelia, aliyetulisha tangu mwanzo wa mambo haya hadi leo na aliyeona kwa jicho jema kile ambacho sisi tulikuwa tunakizunguka. Tunawashukuru wale mliofanya naye kazi kiwandani, nawaona Stasia na Mary Lou hapo nyuma, mmebaki wachache na mmekuja wote, na wenzake wa usafi wa maofisi, na vijana wa mapaa walioleta vioo, na wapiga fidla watakaotusindikiza makaburini, na Baba Paroko kwa subira, maana ameangalia saa mara moja tu.

Wa mwisho kumshukuru ni Helena. Siku aliyofariki mama yake alifanya yale tunayofanya sisi kila mauti yanapoingia nyumbani, alisimamisha saa ya ukutani, akafungua dirisha, akapita chumba hadi chumba na mashuka akifunika vioo vyote, ili marehemu akipita asijione humo akashindwa kuondoka. Akashuka chumba cha chini nami nikamfuata, akasimama mbele ya mashine na shuka la mwisho mikononi, taa zikiwa zinawaka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzizima, akamtazama msichana wa matofaa, kwanza macho, kisha mdomo, akaniuliza, "Baba mdogo, na hiki nacho nikifunike?"

Mimi ni mtu wa desturi, mnanijua. Nikalichukua shuka mikononi mwake, nikalikunja, nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hiki acha. Mwache ajione."

Bronka Staszel, dada wa mke wangu, pumzika kwa amani.